Wake wa Askari Waenda Mikinduri

Katika kambi ile ya jeshi iliyo chini ya Kibirichia, pale mashamba ya viazi yanapokoma na upepo wa nyika unapoanza kuvuma bila adabu, askari walipewa vyeo na serikali, na wake zao wakajipa wenyewe. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ilijulikana tu. Mume akiwa Meja, mkewe alikuwa Meja kwenye foleni ya maziwa, Meja kanisani, na Meja hata akiwa ameinama bombani anafua nepi. Mume akipandishwa cheo asubuhi, kufikia chakula cha mchana shingo ya mkewe ilikuwa imeshanyooka.

Celina Kiende, ambaye kambi nzima ilimwita Mama Kaberia kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa Sajini. Tena Sajini wa miaka na mikaka, kwa sababu mumewe Mwirigi alikuwa mtu mpole aliyetunza stoo ya blanketi, na hakuna jenerali aliyewahi kumpandisha mtu cheo kwa kukunja blanketi vizuri. Celina alikuja kambini bibi harusi, kutoka kwenye familia ya Wamethodisti waliolima viazi huko juu Kibirichia, akiwa na sanduku la bati na imani kwamba mume wake angekuwa Kapteni kabla hajazaa mtoto wa pili. Alizaa wa pili, akazaa wa tatu, na wa nne. Blanketi ziliendelea kukunjwa.

Lakini mlango uliogongwa mtu akishikwa na uchungu wa kuzaa ulikuwa wake. Mlango uliogongwa mtu akifiwa ulikuwa wake pia. Kambi ilikuwa na wake kutoka kila pembe ya Kenya, na Celina alijua ni nani hapaswi kutembelewa mikono mitupu, nani hali samaki, nani akijifungua anataka uji wa mtama uliochachuka na nani ukimpelekea huo uji atadhani umekuja kumroga. Vita vya Somalia vilipoanza, akina mama wakaamua kwa hekima yao kwamba Ebla, mke wa Koplo Isaack, Msomali mzaliwa wa Maua papa hapa Meru ambaye Mogadishu aliiona kwenye televisheni tu kama wao, ndiye adui. Walimwachia bomba la maji peke yake. Celina alichukua kigoda, akaenda kuketi kwenye baraza ya Ebla mbele ya macho ya watu wote, akanywa chai ya iliki kila jioni mpaka waliokuwa wakitazama wakachoka shingo.

Kwa kazi hiyo yote hakuwahi kuwa mwenyekiti wa chama cha wake wa askari. Angekuwaje? Mwenyekiti alikuwa mke wa kamanda, na kamanda alibadilishwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo uongozi wa akina mama ulishuka kwa lori pamoja na viti na makabati ya kamanda mpya. Kulikuwa na mwenyekiti wa mradi wa sungura. Kulikuwa na mwenyekiti wa sabuni ya maji, ambayo iliwatoa wanawake ngozi za mikono. Kulikuwa na yule wa kwaya, Mungu amsamehe. Na kila mmoja wao alikuwa na Siku ya Utamaduni, ambapo ngozi za mbuzi zilikodishwa mjini Meru, akina mama wakatingisha mabega mbele ya wageni wa heshima kwa dakika chache, utamaduni ukakunjwa na kurudishwa kwa mwenyewe kabla haijadaiwa kodi ya siku ya pili. Celina alicheza ngoma kila mwaka, safu ya nyuma, pamoja na masajini wenzake.

Mwenyekiti wa wakati huu aliitwa Beth. Madam Beth. Alikuwa bado hajafika miaka thelathini na mitano, amelelewa Nairobi na baba wa Embu aliyeongea Kiembu akikasirika tu, na alikuwa amesoma mambo ya uongozi mpaka akapewa kofia ya mahafali. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Celina angependa sana awe mtu mbaya, ingemrahisishia mambo. Alikuwa na bidii, na neno lake alilolipenda kuliko jina la mume wake lilikuwa itifaki.

Basi katika utawala huo wa itifaki, habari ikaja kwamba Koplo Kiambi ameuawa Somalia.

Kiambi alikuwa kijana wa Mikinduri, kule Tigania, mcheshi, mlaji. Mkewe, Nelius, alikuwa Mmbeere, binti wa marehemu Ireri wa kule chini Kiritiri, na mama yake alifariki akimwacha bado ananyonya. Alilelewa kwa huyu na kwa yule. Kiambi alimwoa kwa DC, mkuu wa wilaya, wakatia sahihi, wakala chipsi, wakarudi kambini mume na mke. Nyumbani kwao Mikinduri alisema atampeleka likizo ijayo. Likizo iliyofuata ilifutwa. Iliyofuata tena alipelekwa Somalia. Sasa alikuwa akienda nyumbani kweli, ndani ya jeneza, na kule nyumbani hakuna aliyewahi kumwona Nelius wala binti yao mdogo ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kutembea.

Mama mkwe, Mukiri, alituma ujumbe kwa simu ya mpwa wake. Hakutukana. Alisema serikali ina karatasi zake na yeye hana ugomvi na karatasi, lakini lango la kwake halifunguliwi na karatasi. Kama msichana ni mke wa mwanawe, aje kama wake za watu wanavyokuja: aje na watu wake, aje na mama. Akija hivyo ataingia, atatupa udongo, na mtoto atakuwa wa boma. Akija na bunduki za serikali tu, atasimama barabarani na wapita njia.

Nelius alikwenda kwa Celina na macho yaliyovimba, mtoto mgongoni.

"Mama Kaberia, mimi nitatoa mama wapi?"

"Si uko naye hapa?" Celina akamjibu, akimfuta pua kwa ncha ya leso kama vile naye ni mtoto. "Mimi ndio mama. Nitabeba kuni na unga, nitasimama mbele yako. Huyo mama ni wa Tigania, namjua kabla hajafungua mdomo. Wewe nyamaza tu, ulie."

Alikuwa anamaanisha. Katika desturi aliyokulia, mwanamke haongozi wenzake langoni kwa sababu ya uzuri wa viatu. Anaongoza aliyekomaa, yule ambaye mwanawe wa kwanza ameshatahiriwa, na mzigo mkubwa wa kuni uko mgongoni mwake yeye mwenyewe, ili wenye boma waone kwamba aliyekuja ni mtu mzima na amechoka kwa ajili yao. Kaberia alitahiriwa zamani, siku hizi alikuwa anauza vipuri vya pikipiki karibu na soko la Gakoromone na ana ndevu. Celina alikuwa na kila sifa.

Halafu Madam Beth akaitisha mkutano.

Alisimama ukumbini na karatasi yake, akatoa rambirambi vizuri mpaka watu wakalia, kisha akasoma safari itakavyokuwa. Wataenda kwa basi. Watavaa nguo nyeusi na leso nyeupe. Langoni wataingia kwa safu: yeye mbele na shada la maua, wakimfuata wake wa mameja, makapteni, maluteni, kisha masajini, makoplo, na mwisho wake wa mapraiveti, ambao kwa kuwa ni wengi na wana nguvu watabeba unga na kuni.

Celina akainua mkono. "Madam, kule Tigania kuna vile wageni wanaingia. Kama tunaenda upande wa msichana, yule wa mbele..."

"Asante sana, Mama Kaberia," Beth akasema kwa tabasamu la kiongozi. "Tukianza kila mtu na kabila lake hatutamaliza leo. Tutafuata itifaki."

Na mke wa Meja akapiga makofi, na kwa kuwa Meja amepiga makofi, makapteni wakapiga, makofi yakashuka cheo kwa cheo mpaka kwa mapraiveti nyuma, ambao hata hawakusikia kilichosemwa. Celina akaketi. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Miaka yote ile ya kukata vitovu vya watoto wa kambi, na anaketishwa chini na msichana ambaye hajui kutofautisha kuni na kijiti cha meno!

Nyumbani Mwirigi hakumsaidia. "Usiniletee maneno," alisema akila. "Jina langu liko kwa meza ya kamanda. Cheo cha Sajini Mwandamizi, ule usenia, safari hii ni kweli. Kaa kwa laini yako, mama."

Kwa hiyo Celina aliamua kukaa kwenye laini yake. Oh, alikaa. Aling'arisha viatu, akapiga pasi nguo nyeusi, akafunga leso nyeupe kwa pembe ile ile iliyoonyeshwa. Hakumwambia mtu neno lingine. Siku moja kabla ya mazishi Beth alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwake, peke yake, bila karatasi, akasimama akichezea funguo za gari.

"Mama Kaberia, siku ile nilikukatiza. Kuna kitu nimesahau? Niambie tu."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi, wazi kama mlango. Celina aliitazama, akaipenda, akaifunga.

"Hapana, Madam," alisema kwa sauti ya asali. "Kila kitu kiko sawa kabisa. Umepanga vizuri sana."

Beth akashukuru, akaenda zake kwa moyo mwepesi. Celina alirudi jikoni akimenya viazi na kucheka peke yake. Alikuwa anaiona picha nzima: Madam langoni na maua yake, akiulizwa mambo ambayo chuo kikuu hakikumfundisha. Itifaki itaaibika kidogo, watu watageuka kumtafuta Mama Kaberia, naye atatoka nyuma polepole, bila haraka, aje aokoe jahazi. Nelius hatadhurika. Ni kuchelewa kidogo tu. Mtu akiamua kumtia mwenzake adabu hakosi hesabu nzuri ya namna hiyo.

Siku ya mazishi Mikinduri ilikuwa imejaa. Wauza miraa walikuwa wamefunga vibanda kwa heshima ya marehemu, au angalau walikuwa wakiuza wakiwa wamesimama upande. Lori la jeshi lenye jeneza lilitangulia na kuingia bomani kwa njia ya magari. Wanajeshi hawakuzuiwa na mtu, maiti ni ya nyumbani. Basi la akina mama lilisimama barabarani. Wakashuka, wakajipanga, na lazima isemwe kwamba walipendeza. Hata kwata ya wanaume haikuwa na mstari kama ule. Nelius aliwekwa baada ya mke wa Kapteni wa mwisho, kwa kibali maalumu, maana kwa haki yake ya ukoplo alistahili kuwa nyuma zaidi.

Langoni waliketi wanawake wazee kwenye vigoda, Mukiri katikati. Hawakuinuka. Alikuwa mwembamba, ameketi wima, na alikuwa amelia mpaka machozi yakakauka. Aliitazama safu yote kutoka mbele hadi nyuma, taratibu, kama mtu anayekagua mahindi sokoni.

"Kwa niaba ya kamanda," Beth akaanza, "na kwa niaba ya familia kubwa ya jeshi letu..."

"Muga," Mukiri akasema.

Beth akakwama. Hakujua kwamba hiyo ni salamu, na kwamba inajibiwa.

"Mimi nauliza," Mukiri akaendelea kwa Kiswahili, ili serikali imwelewe. "Huyu msichana, mama yake ni gani hapa?"

"Sisi sote ni mama zake," Beth akasema, na hakika alidhani hilo ni jibu zuri.

"Sote ni hakuna. Wewe uko mbele. Kijana yako ya kwanza ametahiriwa?"

"Mwanangu... mwanangu yuko nasari."

Kicheko kilipita kwenye vigoda. Hakikuwa cha furaha. Beth alisimama na shada lake mikononi, na shingo ikamwinama kwa aibu. Kule kwenye laini ya masajini Celina aliiona shingo hiyo, na utamu uliompata moyoni ulikuwa mkubwa kuliko alivyotarajia. Aliuacha ukae, ukapanda mpaka usoni. Aliona ni haki yake.

"Mama Kaberia," Ebla akanong'ona nyuma yake, akimfinya kiuno. "Nenda. Unangoja nini?"

"Ngoja kidogo," Celina akasema, bila kuchezesha midomo. "Wacha itifaki ifanye kazi."

Mukiri akawageukia wenzake, wakasemezana kwa Kimeru, kisha akarudi. Sauti yake ilikuwa imeishiwa.

"Nyinyi mumeleta jeshi. Mama hamukuleta. Kuni mumebebesha watoto huko nyuma kama punda. Mimi leo nazika mtoto, sina nguvu ya kufundishana. Kaeni hapo barabara, ikiisha mutaambiwa."

Akashika kigoda ili ainuke.

Nelius akatoka kwenye safu. Hakuna aliyemtuma. Alipiga magoti kwenye vumbi la barabara, mtoto mgongoni, mbele ya wauza miraa na wapita njia na kambi nzima ya wanawake waliovaa vizuri. Aligeuka mara moja akatazama nyuma, akitafuta kitu kwenye ile safu ndefu. Kisha akarudisha uso langoni.

"Mama, mimi sina mama," alisema, na sauti ilikuwa wazi, kila mtu aliisikia. "Sina mtu. Hawa wamenisindikiza tu. Unizikie bwana yangu nikiwa hapa nje, sitalia kwa nguvu. Lakini chukua huyu mtoto. Huyu ni wa Kiambi. Usimwache barabarani na mimi."

Akaanza kuifungua leso ili amtoe mtoto mgongoni.

Hapo Celina akakimbia. Hakutoka polepole kama alivyopanga. Alikimbia nyuma kabisa kwa mapraiveti, akanyang'anya mzigo wa kuni, akautupia mgongoni na kamba kwenye paji la uso, na kamba ikaing'oa leso nyeupe ikaanguka. Alipowapita makapteni alimkuta Beth anakuja, ameshatupa shada chini, anamtafuta yeye, analia.

"Mama Kaberia, tafadhali. Tafadhali, shika mbele. Mimi sikujua."

Na Beth mwenyewe, mke wa kamanda, akageuka akaingia nyuma yake, akachukua kiondo cha unga na kukiweka kichwani kwa namna mbaya kabisa. Safu ikavurugika. Mameja wakajikuta nyuma ya makoplo, na anga haikuanguka.

Celina alisimama kando ya Nelius akihema. "Mugaa," aliwajibu wazee, salamu iliyokuwa imengoja muda wote huo. "Mama yake ni mimi. Kijana yangu ni mzee, ana ndevu. Nimeleta msichana."

Mukiri alimtazama yeye, akautazama mzigo, akamtazama Nelius chini.

"Ulikuwa wapi akisema hana mama?"

"Nilikuwa... nilikuwa nafunga kuni."

Mukiri hakuamini, ilionekana. Lakini alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa ameanza kulia, na mtoto alikuwa na paji la uso la Kiambi bila chembe ya shaka. Aliinama akampokea mtoto. Kisha akampa Nelius mkono na kumwinua, na wazee wote wakainuka kwenye vigoda, na lango likafunguliwa.

Mengine yalikwenda vizuri mno. Padri wa jeshi aliomba, bunduki zikalia, bendera ikakunjwa na kutiwa mikononi mwa Nelius, naye akatupa udongo wa pili baada ya mama mkwe wake, kama mke. Beth alipopewa nafasi ya kusema alifanya jambo ambalo wenyeviti wa sungura na sabuni hawakuwahi kuliota: alisema mbele ya watu wote kwamba hii leo angeiharibu familia ya watu kwa ujinga wake, na kwamba kuanzia sasa chama kitaongozwa na Mama Kaberia katika mambo ya namna hii, cheo cha mume kikae nyumbani. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwirigi, aliyekuwa amesimama na masajini, alifunga macho, kisha akaona kamanda naye anapiga makofi, akayafungua.

Celina alipokea heshima hiyo kwa kuinamisha kichwa. Watu walisema ni unyenyekevu.

Jioni ilipokaribia, wenzake wakielekea basini, alikwenda kumuaga Nelius, ambaye angebaki bomani na ndugu za mumewe. Alimkuta nyuma ya jiko anaosha sufuria na wake za mashemeji zake, tayari amefungwa leso ya kazi, tayari anatumwa. Hiyo ilikuwa dalili njema. Celina alimvuta kando akamshika mikono yenye maji.

"Umeona, mwari? Si nilikuambia? Umeingia. Sasa uko kwenu."

"Asante," Nelius akasema. Aliitoa mikono yake polepole, akaifuta kwenye leso. "Pale barabarani, kabla sijasema, niligeuka nikutafute."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa..."

"Nilikuona. Ulikuwa unacheka."

Sauti ya Mukiri ikaita kutoka ndani, na Nelius akaitika na kwenda. Celina akabaki kando ya jiko, na huko barabarani, ndani ya basi, akina mama walikuwa wameshaanza kumwimbia wimbo, wakimwita jina lake, wakimtaka afanye haraka, kiti cha mbele ni chake.